Alama Tatu Nyeusi kwenye Kopo la Mama Mkwe

Katesh, Jumanne. Baridi ya mwezi wa saba, na upepo unaoshuka kama kuna mtu kaufungulia geti huko juu.

Mlima Hanang haujaonekana leo. Tangu asubuhi umejifunika wingu mpaka magotini, kama mtu aliyeamua kwamba siku hii imempita. Namwelewa. Na mimi ningejifunika, ila kwa mwili huu nilionao lingehitajika wingu la wilaya mbili, Hanang na Mbulu kwa pamoja.

Naandika kwa simu, nimekaa kwenye benchi la nje ya wodi ya wanaume. Ninyi wachache mnaonisoma mmezoea habari zangu za kuku anayetaga kwa jirani, na za gauni nililojishonea mwenyewe likakataa kunifunga. Leo sina hizo. Leo nina habari ya mguu.

Mguu wa mume wangu.

Daktari alipita asubuhi. Ni kijana mpole, na ana tabia ya kusafisha miwani kabla ya kusema jambo baya, kwa hiyo siku hizi nikimwona tu anatoa kitambaa mfukoni naanza kusali. Leo aliisafisha kwa muda mrefu. Akasema kidonda hakifungi. Akasema sukari kwenye damu, badala ya kushuka, inapanda, na inapanda mgonjwa akiwa humu humu wodini anachomwa sindano. Ijumaa ataangalia tena. Ikiwa hali ni hii hii, watakata, na hawatakata kidole. Akaonyesha kwa kiganja pale kidogo chini ya goti, taratibu, kama fundi anayemuuliza mteja sketi iishie wapi.

Mimi ni fundi cherehani, pale Mogitu. Labda ndiyo sababu niliona hivyo. Na labda ndiyo sababu nilikaa bila kuangalia kwenye kitanda cha mgonjwa wa pili, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa amelala humo.

Baba Paulina ni mtu wa miguu. Ni Mbarbaig wa uwandani, kazi yake ni kuswaga ng'ombe za watu kuzipeleka mnadani, na ukimkalisha kwenye kiti kwa siku nzima anaugua. Nilipoolewa naye dada zangu huko Mbulu walinicheka, wakasema nimeolewa na fimbo na viatu vya tairi. Sasa hivyo viatu ndivyo vilivyotuponza. Mwiba ulitoboa katambuga yake njiani, yale malapa ya tairi ambayo wachungaji huamini hata msumari hauyapiti, ukaingia kwenye unyayo, naye akaendelea kutembea. Hakuhisi. Aliporudi nyumbani mimi ndiye niliyeona damu kwenye mkeka, nikadhani ni kuku. Ugonjwa ulikuwa umeshazitia ganzi nyayo zake na sisi hatuna habari kwamba kuna ugonjwa. Kisukari tulikuwa tunakijua kama maradhi ya maofisa na ya wanene. Kwa hesabu hiyo nilipaswa kuumwa mimi.

Nasema hivyo kwa utani. Lakini nimeshamwambia Mungu hivyo hivyo bila utani.

Basi daktari akaniuliza tunampa nini. Aliuliza kwa adabu, ila lilikuwa swali la polisi. Nikajibu kama mtoto wa shule mbele ya mkaguzi: uji wa ulezi usio na kitu, ugali wa mtama kipande kidogo, mlenda, maharage, chai kavu. Napika mwenyewe kwa wifi yangu, mke wa kaka yangu, hapa mjini, naleta mwenyewe kwenye hotpoti, nakaa mpaka amalize. Muuguzi aliyekuwa anaandika akaacha kuandika akanitazama kutoka juu hadi chini. Mtu mwenye upana wangu akisema mgonjwa wake hali vitamu, najua watu wanafikiria nini.

Nikaapa. Naapa na hapa. Sikumpa kitu.

Niwaambie kuhusu wageni, kwa sababu ndio niliowashuku kwanza. Kwetu huku, uwe Mwiraqw wa milimani au Mbarbaig wa bondeni, mtu haendi kumwona mgonjwa mikono mitupu. Na kwenye ukoo wa mume wangu kuna na jambo la pili: ulicholeta, mgonjwa lazima akionje wewe ukiwa bado umekaa. Asipoonja unaondoka na fundo moyoni, unajiuliza umemkosea nini, na wengine hawarudi tena. Zamani ilikuwa maziwa, au asali kidogo. Siku hizi heshima iko kwenye pakiti. Wanakuja wazee wazima na fimbo zao, wametoka mbali, kila mmoja na juisi ya boksi kwapani. Soda. Biskuti za krimu. Glukosi, jamani, mtu anamletea mgonjwa wa kisukari glukosi na anaishika kwa mikono miwili kama sadaka. Kimeza cha kando ya kitanda kinafanana na kiduka cha stendi.

Sikuwafukuza. Nilifanya kitu cha kijinga zaidi: nilitangaza kwamba daktari ameagiza mke aonje kwa niaba. Nikawa naonja mimi. Walicheka sana, wakasema hapo daktari amepata mtu wa kazi. Sketi hii niliyovaa leo ina ushahidi wote.

Katika huko kuonja nilianza kusoma mapakiti. Sikuwahi kuyasoma maishani. Mbele kuna embe limekatwa linatiririka. Kuna mtoto anaruka. Kuna neno nguvu, kuna vitamini, kuna asili. Sukari haijatajwa mbele hata kwenye moja. Ukigeuza nyuma, ukiwa na jua la kutosha na miwani ya kuazima, unakuta maandishi madogo kama mayai ya chawa, Kiingereza na Kiarabu, na kajedwali kanakosema kwa kila mililita mia hivi, kwa kila gramu mia vile. Mimi nilimaliza darasa la saba nikaenda kwenye cherehani. Napima kiuno kwa macho, lakini mililita mia za juisi sijui ni nusu bilauri au ni bilauri. Nikawa nanung'unika peke yangu kwamba aliyetengeneza anajua kilichomo. Kwa nini asiandike mbele, kwa herufi kubwa kama za bango la mkutano wa injili, kwamba hii ina sukari nyingi, wewe mwenye mgonjwa ipite?

Nilinung'unika hivyo wiki nzima. Sikujua kwamba mahali fulani kuna watu waliokwisha kuandika, na kwamba maandishi yenyewe yalikuwa chini ya kitanda cha mume wangu.

Lakini msiwalaumu wageni upesi. Mimi nimezaliwa kwenye ukungu wa Mbulu, miaka ambayo sukari ilikuwa ya mgao. Mama alikuwa anaficha robo ya sukari ndani ya sanduku la nguo, chini ya kitenge cha Krismasi, na kitenge kikitolewa kilikuwa kinanukia utamu. Mtu akija kumwona mgonjwa na sukari kidogo kwenye karatasi iliyokunjwa pembe, nyumba nzima ilijua huyu anatupenda. Halafu ikaja miaka ya ruksa, biashara ikafunguliwa, maduka yakajaa. Tulipokuja kukatwa kutoka Arusha tukawa mkoa wetu wenyewe, Katesh hapa ilikuwa imeshakuwa na kila kitu kwenye makopo, na vingine hata jina hatujui kulitamka. Vitu viligeuka haraka. Sisi tulibaki na ile ile akili ya karatasi iliyokunjwa pembe. Utamu bado ni upendo. Ukimkataza mtu asimpe mgonjwa utamu, anasikia umemkataza kumpenda.

Nimepoteza njia. Nirudi wodini.

Daktari alipoondoka nilianza kupekua. Nilitoa maboksi yote mezani, yote yalikuwa yamefungwa au nimeyamaliza mimi. Nikainama chini ya kitanda, kazi ambayo kwangu inahitaji maombi. Kule nyuma, karibu na ukuta, kulikuwa na furushi la shuka jeusi. Shuka la mama mkwe, aliyetoka uwandani kuja kumuuguza mwanawe. Ndani yake kopo.

Kopo kubwa la unga wa kahawia, ule wa kuchanganya na maziwa. Karibu linaisha. Picha ya kijana anapiga mpira, mapaja kama ya dume la ng'ombe. Maneno sikuyajua, hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza. Na mbele, juu kabisa pembeni, alama tatu nyeusi zimepangwa mstari, kila moja na pembe nane. Pembe nilizihesabu, ni ugonjwa wa ufundi. Ndani ya kila alama maneno meupe.

Nikalionja kwa kidole. Nilikuwa nimeshaonja vyote vya mezani, na hiki kilivishinda vyote kwa utamu.

Nikamuuliza mume wangu hili ni la nani. Akatazama ukuta.

“La mama,” akasema.

Kila asubuhi, mimi nikiwa kwa wifi napika, mama yake anakuja na kibuyu cha maziwa. Anamimina kwenye kikombe, anatia vijiko vya ule unga, anakoroga, anakaa kwenye ukingo wa kitanda mpaka amalize. Halafu analifunga kopo kwenye shuka, analificha ili wagonjwa wengine wasiombe. Mimi nikija na uji wangu wa ulezi usio na kitu, najisifu kwamba namlisha vizuri, yeye ameshiba zamani.

“Na ulijua ni tamu?”

“Mama Paulina, ninaumwa sukari, ulimi sijakatwa.”

Hapo akatabasamu, lile tabasamu lake lililoniponza ujana wangu. Nilitaka kumpiga na hotpoti.

“Sasa kwa nini unakunywa?”

Akasema mama yake ameacha nyumba yake na ndama wake kwa ajili yake, analala kwenye nyumba ya watu, anaamka kabla ya kila mtu kukamua ng'ombe asiye wake. Amwambie nini? Akanishika mkono, kitu ambacho mume wangu hafanyi mbele za watu.

“Mimi nitaacha. Nitasema tumbo linakataa. Lakini yeye usimwambie. Hata ikifika Ijumaa ikawa kama alivyosema daktari. Mama asijue.”

Nikasema sawa.

Nilitoka nje nikapiga picha lile kopo kwa simu, nikamtumia Paulina, binti yetu anayesoma chuo Dodoma. Nikamuuliza ni lugha gani na zile alama ni za nini. Nilidhani atachukua muda. Hakuandika, alipiga. Akaniuliza kwanza nani anakunywa hicho kitu. Sauti yake ilikuwa imebadilika, akawa kama yeye ndiye mama. Nikamwambia ni cha mgonjwa mwingine. Naona leo ni siku yangu ya kudanganya.

Akanieleza. Kuna nchi huko Amerika ya chini, serikali imewalazimisha wenye viwanda kuchora alama hizo mbele ya pakiti. Nyeusi, kubwa, ili mtu azione kabla hajanyoosha mkono, hata mtoto. Ni onyo. Ya kwanza inasema sukari imezidi. Ya pili inasema nishati imezidi. Ya tatu inasema mafuta mabaya yamezidi. Kitu kikiwa kizuri hakiwekewi alama hata moja. Hili lina tatu.

Nilimshukuru, nikakata simu, nikacheka. Nilicheka peke yangu kwenye benchi mpaka mlinzi akageuka. Halafu kile kicheko kikageuka kuwa kile kingine, nikajifunika kanga usoni.

Kwa sababu nilijua kwa nini mama mkwe amelichagua. Hakuhitaji kuniambia. Nilikuwepo.

Miaka ile biashara ilipofunguliwa, josho la serikali la uwandani kule lilikauka. Ng'ombe hawakuogeshwa tena kwa zamu, kila mtu akawa anajinunulia dawa mnadani, kwa wauzaji waliotandika turubai. Chupa nzuri, maji matupu ndani. Mwaka huo ndama wa mama mkwe walikufa mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja alikuwa amepewa dawa. Baadaye bwana mifugo akaja akatuonyesha kwamba dawa ya kweli iliyopimwa ina alama ya ubora kwenye chupa. Mume wangu akamkalisha mama yake chini, akamchorea alama kwenye vumbi kwa fimbo, kwa sababu mama hajui kusoma. Akamwambia asinunue tena maishani kitu kisicho na alama. Chupa iwe nzuri namna gani, muuzaji awe shemeji yako, hakuna alama weka chini. Toka siku ile mama mkwe anashika chupa kwa kuizungusha polepole, anatafuta. Hata sabuni. Hata kiberiti. Tumemtania sana kwa hilo, mimi nikiongoza.

Basi niliamua kunyamaza kama nilivyoombwa. Ningeshika ahadi, naamini. Lakini nilimkuta mama mkwe amekaa kwenye kajua, pale zinapoanikwa shuka za wodi, amenyoosha miguu, bangili zake za shaba zinang'aa. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, na jambo la kwanza aliloniambia ni kwamba anajiandaa kwenda gengeni. Unga unaisha, na kwa yule mwenye genge limebaki kopo moja tu la namna ile. Anaogopa mtu asiliwahi.

Nikakaa chini. Kushuka nilishuka vizuri, kupanda ningejua baadaye.

Tunaongea Kibarbaig sisi wawili. Ninakiandika kwa Kiswahili kwa sababu Kibarbaig changu kinawachekesha hata mbuzi, lakini yeye amenizoea.

Nikamuuliza alilichaguaje lile kopo. Uso wake ukachanua. Alisema alikaa pale gengeni mpaka mwenye duka akamchoka. Makopo yalikuwa mengi, mengine na picha nzuri kuliko lile, moja na ng'ombe kabisa. Alimwambia yule kijana hataki picha, anataka alama. Akayazungusha yote. Mengi hayakuwa nazo. Lile tu lilikuwa na tatu. Akamwambia hili ndilo limepimwa, limepimwa mara tatu.

“Na huyo aliyenifundisha ndiye anayelinywa,” akasema. “Sijamwambia. Nataka siku akisimama nimwonyeshe.”

Ningenyamaza vipi? Niambieni ninyi. Aende akanunue lingine?

“Mama,” nikasema, “zile alama zinakataza.”

Akanitazama kama mtu anayesubiri nirudie kwa lugha inayoeleweka. Nikarudia. Nikamweleza kama Paulina alivyonieleza, nikikwama, nikitafuta maneno. Alisikiliza yote. Halafu akasema kwa utulivu, kama anayenirekebisha hesabu:

“Sukari sikumpa. Muuguzi alisema asipewe. Sukari naijua, ni nyeupe, inapimwa kwenye mzani.”

“Imechanganywa humo ndani, mama.”

“Nani kaichanganya?”

“Wenye kiwanda.”

“Na alama kachora nani?”

“Hao hao. Serikali yao iliwalazimisha wachore ili watu waone waogope.”

Akafikiri.

“Watu wao,” akasema.

“Ndiyo. Watu wao.”

Mtu ameonywa mara tatu, kwa rangi nyeusi, mbele kabisa ya kopo, na onyo lenyewe likamvuta. Kama lisingekuwa na alama hata moja angelirudisha kwenye rafu. Kilichotengenezwa ili kumzuia ndicho kilichomshawishi, na hakuna mahali alipokosea. Nimejaribu kutafuta mahali alipokosea, ili nimkasirikie nipumue kidogo. Sipaoni. Namtafuta na mwingine wa kumkasirikia: yule kijana wa genge, aliyeleta kontena, aliyekaa ofisini akaliruhusu kuingia nchini. Kijana wa genge hajui ile lugha kama mimi nisivyoijua. Waliobaki siwajui sura.

Mama mkwe hakulia. Wazee wa uwandani hawalii mbele ya mkwe. Alishika bangili moja akaizungusha mkononi, akaizungusha, akaizungusha. Shuka za wodi zilikuwa zinapigwa na upepo juu yetu. Mwisho akaniuliza, bila kunitazama:

“Anajua?”

“Nani, mama?”

“Mwanangu. Anajua kwamba ni kopo langu linalompandishia?”

Nikasema hajui.

Nilisema haraka mno. Sijui kama aliamini. Alitikisa kichwa, akajikusanya, akafunga vizuri shuka lake.

“Basi asijue. Nitakuja na maziwa kama kawaida, kidogo, kama muuguzi anaruhusu. Nitatia kijiko kitupu nikoroge, aone nakoroga. Asije akafikiri nimeacha kumpa.”

Akaninyanyua mkono ili nisimame. Bibi wa umri ule, mimi na mwili huu. Alinivuta mpaka nikasimama, akaenda zake upande wa geti. Hakwenda gengeni. Nilimfuatilia kwa macho mpaka akapinda kule kwenye nyumba anayolala.

Nilimtafuta daktari nikamweleza, nikimkabidhi kopo kama mtu anayejisalimisha na gobore lake. Alilishika akasoma zile alama, akasema ndiyo, anazifahamu, aliziona kwenye masomo. Akasema afadhali sasa tunajua. Akasema usiku huu na kesho watapima mara kwa mara, wabadilishe kipimo cha sindano, waone. Nilimuuliza kama inatosha, kama toka leo hadi Ijumaa damu inaweza kusafika na kidonda kikaamka. Alisema hawezi kuahidi. Alisema kidonda kimekaa kwenye sukari muda mrefu. Nilikuwa nimeomba aseme uongo, leo ambapo kila mtu anasema, na yeye peke yake akasema ukweli.

Sasa jua limeshafika kwenye ukuta wa jiko la hospitali. Mume wangu amelala, mguu wake umenyanyuliwa juu ya blanketi lililokunjwa, na kwa nje, ukiuangalia ukiwa na shuka, ni mguu mzima kabisa. Nimekaa nikiuangalia kupitia dirishani muda wote ninaoandika hapa. Nimeukumbuka ukitembea mbele yangu kwenye vumbi la mnadani, mimi nyuma nikihema, yeye akigeuka kuniuliza kama anitafutie punda.

Naogopa. Sina namna nzuri ya kuliandika. Nimezoea kuwachekesha, na kichekesho nimekitafuta leo kwenye kila kona, na vyote nilivyopata mmevisoma. Chini ya hivyo naogopa tu.

Kesho asubuhi mama mkwe atakuja na kibuyu. Atakoroga maziwa matupu kwa kijiko kitupu, mwanawe akimtazama. Naye, aliyeniahidi kusema tumbo linakataa, namjua, hatasema. Ataonja, atagundua, atanyamaza. Atakunywa mpaka tone la mwisho na kumshukuru kama jana. Kila mmoja atafikiri anamlinda mwenzake, na mimi nitakuwa nimesimama mlangoni na hotpoti ya uji, najua ya wote wawili.

Nimeamua kuchelewa makusudi. Wanywe hayo maziwa yao bila mimi kuwaangalia.

Lakini Ijumaa siwezi kuchelewa. Na kama watakata, wakiniuliza kila mmoja kwa wakati wake kama mwenzake alijua, nitamjibu nani nini?